Moyo Uko Mtini

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Daftari zifungeni kwanza, tuanze na mti. Ni mkuyu ulioota ufukweni, nusu ya matawi yake iko juu ya nchi kavu, nusu imeinamia maji. Juu anakaa kima, chini anapita papa. Kima akichuma makuyu, humtupia papa naye ale. Hivyo urafiki ukaota.

Wahusika mmeshawapata, na mandhari pia. Lile tawi lililoinamia maji likumbukeni. Bila hilo wawili hawa wasingekutana.

Hadithi hii ilisimuliwa Unguja, Edward Steere akaichapisha London mwaka 1870. Kabla ya hapo ilikwishasafiri sana: Waarabu wanayo katika Kalila wa Dimna, ila huko rafiki wa kima ni kasa.

Basi siku moja papa akamwalika kima kwao. Kima akapanda mgongoni, wakaenda, wakaenda. Katikati ya bahari papa akatoboa siri: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Huo ndio mgogoro. Moyo ukamdunda kima kama ngoma ya harusi. Hiyo ni tashbihi, “kama” inawaonyesha. Ningesema kifua chake kilikuwa ngoma, ingekuwa sitiari.

Kima akasema, “Mbona hukuniambia mapema, ndugu yangu? Sisi tukisafiri, mioyo huiacha nyumbani. Wangu uko mtini.”

Hapa ninaposimulia husimama, kwa sababu hapa pana sarufi iliyookoa roho. “Moyo” uko katika ngeli ya U-I, ndiyo maana tunasema umo, upo, uko. Ikiwa mingi: imo, ipo, iko. Sasa sikilizeni ile silabi ya mwisho. “Mo” ni ndani. “Po” ni mahali dhahiri, unapoweza kupaonyesha. “Ko” ni huko, mbali, pasipo dhahiri. Ukweli ulikuwa kwamba moyo umo kifuani. Kima akaondoa “mo” akaweka “ko”, na papa akageuza safari.

Na papa mwenyewe? Wengi wenu huandika “papa ilisema”. Neno halina m- wala wa-, lakini papa ana uhai, kwa hiyo papa alisema, na wakiwa wengi, papa walisema. Kwamba anasema, anaalika na ana sultani, hiyo ni tashihisi: mnyama amevikwa utu.

Mimi namhurumia papa. Mtu akisema moyo wake uko kwa mama yake, hakuna anayempasua kifua ahakikishe. Tunajua ni mapenzi yanayosemwa. Papa hakuijua njia hiyo ya maneno. Kwake moyo ulikuwa nyama tu, kitu cha kuachwa na kufuatwa.

Wakafika. Kima akaruka, akashika lile tawi, akapanda hadi juu kabisa. Papa akaita, “Haya, lete tuondoke!” Kima akamjibu kwa hadithi nyingine, ya punda wa dobi. Sungura alimbembeleza punda hadi kwa simba. Punda akaponea chupuchupu, akakimbia. Sungura akamfuata tena, punda akakubali tena, na mara hii akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba akauliza, “Viko wapi?” (Moyo ni wa ngeli yake, masikio ya ngeli yake, vikikutana hivyo huchukua VI-.) Sungura akasema punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudije mahali alipoponea kifo?

Sasa fungueni daftari. Kwanza, sungura alisema uongo au kweli? Msinijibu haraka. La pili ni jepesi zaidi: papa bado anangoja chini ya mkuyu. Yuko, yupo au yumo?