Kabla ya Kupigwa Picha ya Sainasi

Huenda umesumbuliwa na mafua kwa miezi mitatu au zaidi: pua imeziba, uso unauma, makamasi mazito yanateremka kooni. Dawa umetumia, na sasa daktari anataka upigwe picha ya siti skani. Wengi wakisikia hivyo hushtuka. Usiogope. Sainasi ni matundu ya hewa yaliyomo katika mifupa ya uso, na picha hiyo humwonyesha daktari tundu lililoziba. Haiumi, nayo huchukua dakika chache tu. Matayarisho makubwa ni yale utakayomwambia mhudumu.

Kwanza, mimba. Mashine hiyo hutumia eksirei. Kama siku zako zimechelewa, hata kidogo, sema kabla ya kuingia chumbani. Ukiona haya kwa sababu umesindikizwa na mama mkwe, mwombe muuguzi mzungumze kando. Mionzi inayofika tumboni wakati wa kupiga picha ya uso ni kidogo mno, lakini mara nyingi picha ya sainasi yaweza kungoja. Mwache daktari aamue akiujua ukweli. Wewe unayenyonyesha, endelea kunyonyesha. Mionzi haibaki katika maziwa.

Pili, mafua mapya. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 31 wenye mafua ya kawaida. Watu 27 walionekana wana kasoro katika sainasi za mashavuni. Baadhi yao walipopigwa tena baada ya majuma mawili, wengi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa bila antibiotiki. Kwa hiyo ukishikwa na mafua siku chache kabla, toa taarifa. Huenda ukapangiwa siku nyingine, fedha zako zisipotee bure.

Tatu, vyuma. Acha nyumbani hereni, mkufu, kipini cha pua na vibanio vya nywele. Meno ya bandia na miwani utavivua hapo hapo. Vyuma huharibu picha.

Je, ufunge kula? Kwa kawaida hapana, kwa kuwa picha nyingi za sainasi hupigwa bila sindano. Ukiambiwa utachomwa dawa ya kung'arisha picha, uliza kuhusu chakula, na utaje ugonjwa wa figo, dawa za kisukari au mzio ulio nao.

Kama anayepigwa picha ni mtoto, mfundishe nyumbani kulala kimya bila kutikisa kichwa. Atakayebaki naye chumbani asiwe mjamzito, na avae aproni ya risasi.

Neno la mwisho: jicho likivimba, ukianza kuona vitu viwili viwili, au kichwa kikiuma vikali pamoja na homa na shingo kukakamaa, usingoje tarehe ya picha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.