Mwaliko Si Viza: Safari ya Mwanafunzi Huanzia Nyumbani

Katika Kawangware 56, mjini Nairobi, hakuna habari inayoenea upesi kama habari njema ya mtoto wa jirani. Mwanafunzi akipata barua kutoka ng'ambo, inayomwalika kwenda kushindana na wanafunzi wa mataifa mengine katika hesabu, sayansi au kazi za kompyuta, ploti nzima hufurahi. Mama hupongezwa sokoni, na mwalimu husifiwa. Lakini mara nyingine majuma machache baadaye furaha hiyo hugeuka kuwa huzuni. Siku ya safari hufika, ndege huruka, na mwanafunzi amebaki nyumbani. Hakushindwa na mwenzake. Alishindwa na karatasi.

Sababu kubwa ya msiba huo ni kwamba watu wengi hudhani barua ya mwaliko ni ruhusa ya kusafiri. Sivyo. Mwaliko ni neno la mwenye mashindano. Viza ni neno la serikali ya nchi yake, na neno hilo hutolewa kwa sheria nyingine kabisa.

VIZA NI NINI?

Msafiri huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni pasipoti, ambayo hutolewa na serikali ya nchi yake mwenyewe ili kuonyesha yeye ni nani na ni raia wa wapi. Cha pili ni viza, ambayo hutolewa na nchi aendako ili kumruhusu aje kwa kazi fulani na kwa muda fulani. Wenye mashindano waweza kuandika barua, kulipa nauli na kutengeneza malazi. Lakini hawawezi kumwamuru afisa wa ubalozi atoe viza.

Si kila nchi hudai viza kwa Wakenya. Mwanafunzi wa Kenya anayekwenda Uganda, Tanzania au Rwanda haombi viza. Tangu tarehe 1 Januari 2023, Mkenya mwenye pasipoti anaweza pia kuzuru Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka. Lakini kwa Marekani, Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, viza haina budi.

MLANGO WA KWANZA NI CHETI CHA KUZALIWA

Wazazi wengi huanza kufikiria ubalozi kwanza. Kwa kweli ubalozi ni mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kwa maana bila cheti hicho mtoto hapati pasipoti, na bila pasipoti hakuna mahali pa kubandika viza.

Katika Kibera na Kawangware wapo watoto waliozaliwa nyumbani kwa mikono ya wakunga, na wapo waliozaliwa mashambani kisha wakaletwa mjini wangali wachanga. Sheria ya Kenya yataka kila kizazi kiandikishwe. Ikiwa miezi sita imepita bila mtoto kuandikishwa, jambo hilo huhesabiwa kuwa ni la kuchelewa, nalo huhitaji idhini zaidi na ushahidi zaidi. Mtoto aliyezaliwa hospitalini hupewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu wa mahali pale. Mzazi aliyepoteza karatasi hiyo, au aliyeiacha kwa nyanya ya mtoto huko mashambani, yafaa aanze kuitafuta leo, wala asingoje barua kutoka ng'ambo.

Jambo jingine dogo huleta taabu kubwa, nalo ni tahajia ya majina. Ikiwa cheti chasema Wanjiru, orodha ya shule yasema Wanjiro, na kitambulisho cha mama kina jina la tatu asilolitumia tena, kila afisa atakayeziona karatasi hizo atauliza maswali. Makosa kama hayo husahihishwa, lakini kusahihisha huchukua siku nyingi.

Watu wa Kibera wanayo sababu ya pekee ya kujua thamani ya karatasi hizi. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza wakakaa Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa miaka mingi walipata shida kutambuliwa kuwa raia. Mnamo tarehe 22 Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, pamoja na haki ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Uamuzi huo uliweka wazi kwamba mtoto asiye na hati hujiona mgeni katika nchi aliyozaliwa, kabla hata hajafika katika nchi ya wageni.

PASIPOTI YA MTOTO

Ombi la pasipoti hufanywa kwa njia ya eCitizen, kisha mwombaji hufika mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji, kama ile ya Nyayo House, ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mtoto aliye chini ya miaka 18 huhitaji cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Mtoto anayelelewa na nyanya au mjomba huhitaji hati za kuonyesha ni nani mwenye haki ya kumlea: cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, au amri ya mahakama. Familia ya namna hiyo yapaswa kuanza mapema kuliko wengine.

SHERIA YA MAREKANI YASEMAJE?

Ubalozi wa Marekani uko Gigiri, ng'ambo ya pili ya jiji kwa mtu atokaye Kawangware. Mwombaji hujaza fomu iitwayo DS-160, hulipa ada, na hupewa siku ya mahojiano. Ada ya viza ya mgeni ilipandishwa kuwa dola 185 mwezi wa Juni 2023, nayo hairudishwi mwombaji akikataliwa. Kwa mama auzaye mboga, hiyo ni fedha nyingi. Kwa hiyo ni haki yake kujua sheria kabla ya kulipa.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1952. Yasema kwamba kila aombaye viza ya ziara huchukuliwa kuwa ni mtu anayetaka kuhamia Marekani, mpaka atakapomridhisha afisa kwamba sivyo. Afisa haanzi kwa kuamini; huanza kwa shaka, na ni juu ya mwombaji kuiondoa. Ndiyo maana mtu tajiri mwenye nyumba na biashara hupita kwa wepesi zaidi, na maskini hupata taabu, ingawa maskini huyo ni mwaminifu.

Je, mwanafunzi wa nyumba ya mabati aonyeshe nini? Hana shamba wala fedha benki. Lakini anavyo vitu vingine vinavyomfunga na kwao. Ana nafasi shuleni, na barua ya mwalimu mkuu yaweza kusema yuko kidato gani na ni siku gani anatakiwa kurudi darasani. Ana mtihani wa taifa mbele yake. Ana wazazi na ndugu. Ana mwaliko unaotaja jina lake, tarehe za mashindano, na ni nani atakayelipa nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi. Ana mwalimu atakayefuatana naye. Hayo yote yawekwe wazi.

Mahojiano ni mafupi, mara nyingi dakika chache tu. Mwanafunzi ajibu kwa maneno yake mwenyewe: ametengeneza nini, anakwenda wapi, atarudi lini. Majibu ya kukariri hujulikana upesi. Aliyekataliwa kwa kifungu hicho hana rufani, lakini anaweza kuomba tena kwa ada mpya, na yafaa afanye hivyo ikiwa ana jambo jipya la kuonyesha.

NCHI ZA ULAYA

Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen hutumia viza ya namna moja. Ombi laweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Jibu kwa kawaida hutolewa katika siku 15, lakini laweza kufika siku 45. Mwombaji huhitaji bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, lakini sheria huwasamehe ada wanafunzi na walimu wao wanaosafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Basi inafaa kuuliza kabla ya kulipa. Aliyekataliwa huandikiwa sababu, naye ana haki ya kukata rufani.

WALIOZUIWA WAKAFIKA

Mnamo Julai 2017 vikundi vya vijana kutoka nchi zaidi ya 150, Kenya ikiwamo, vilikutana Washington katika mashindano ya roboti ya FIRST Global. Wasichana wa Afghanistan walisafiri kilomita 800 hivi kutoka Herat mpaka Kabul kwenda kuhojiwa, si mara moja bali mara mbili, na mara zote mbili walikataliwa. Vijana wa Gambia nao walikataliwa mwanzoni. Habari zao zilipoenea duniani, wote waliruhusiwa siku chache kabla ya mashindano, na wasichana wale wa Afghanistan wakatunukiwa medali ya fedha kwa ujasiri wao. Hata hivyo si kila mtoto atakayetetewa na magazeti ya dunia.

Mwezi uliofuata, wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walifika California katika mashindano ya Technovation na programu yao ya simu ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Na mnamo 2019 wanafunzi wa shule ya Keriko, kijijini katika Kaunti ya Nakuru, shule iliyokuwa na kompyuta moja tu, walipata nafasi katika maonyesho makubwa ya sayansi huko Arizona. Akili haikungoja mali.

YAFAAYO KUFANYWA SASA

Maonyesho hayo ya sayansi hufanyika Marekani kila mwaka mwezi wa Mei. Mwanafunzi anayeshinda nyumbani miezi michache kabla hana muda wa kutafuta cheti, kusahihisha jina, kuomba pasipoti na kungoja mahojiano. Shule zenye vyama vya sayansi, hesabu au kompyuta zingefanya vema kukagua vyeti vya wanachama wote mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kujua nani atashinda.

Wazazi nao wajihadhari na madalali. Hakuna mtu wa mtaani anayeweza kuuza viza. Atakayeleta taarifa ya benki ya uongo au barua ya kughushi aweza kumfungia mtoto mlango wa Marekani maisha yake yote.

Wazee husema akiba haiozi. Cheti cha kuzaliwa kilichohifadhiwa vizuri sandukuni, na pasipoti iliyotolewa kabla haijahitajika, ni akiba ya namna hiyo. Hazimhakikishii mtoto viza, kwa kuwa neno la mwisho ni la afisa. Lakini humwezesha kufika mbele ya afisa huyo kwa wakati, na jina lake likiwa limeandikwa sawasawa, aeleze kazi ya mikono yake.