UUGUZI WA MIAKA MIWILI HUKO MAREKANI, NA NANI ANALIPA



Wengi wenu mna mtoto, mdogo wenu au shemeji aliyekwenda Marekani, anayefanya kazi ya kuwaogesha wazee huku akisema "anasoma unesi". Katika mikutano ya matawi swali hurudi kila mara: huo unesi wa miaka miwili ni unesi kweli, au ni cheti cha kutundika ukutani? Ni unesi kweli. Ila hiyo miaka miwili si miwili.

Nchini humo kuna vyuo vya umma vinavyoitwa vyuo vya jamii. Chuo cha Joliet, karibu na Chicago, kilianza mwaka 1901 na kipo hadi leo. Ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu, na mtu mzima mwenye kazi na watoto hupokelewa. Vyuo hivi hutoa digrii ndogo, na upande wa afya hutoa wauguzi, wapiga picha za eksirei, mafundi wa maabara na wasafishaji wa meno. Mpango wa kufundisha wauguzi kwa njia hii ulielezwa na mwalimu Mildred Montag mwaka 1951, ukaanza kujaribiwa 1952, kwa kuwa hospitali zilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi.

Mwanafunzi haingii darasa la uuguzi moja kwa moja. Kwanza husoma masomo ya kufungua mlango: viungo vya mwili na kazi zake, vijidudu vya maradhi, hesabu, Kiingereza. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na majina mengi ni ya Kilatini. Ndipo huomba nafasi, na waombaji mara nyingi ni wengi kuliko viti. Mwenye alama za kupita tu huachwa. Tena vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyosomwa zamani, kwa mfano zaidi ya miaka mitano iliyopita, hivyo anayesoma kidogo kidogo kwa sababu ya kazi huweza kurudishwa nyuma. Ndiyo maana wengi humaliza kwa miaka mitatu, minne au zaidi.

Linalombana mfanyakazi kuliko yote ni mafunzo ya wodini. Hayana mshahara, na siku hupangwa na chuo. Anayelipwa kwa saa hupoteza saa zake. Serikali kuu ina msaada uitwao Pell, ulioanza mwaka 1972 kwa jina jingine, kwa wenye kipato kidogo, nao kwa kawaida haurudishwi. Lakini aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi haupati, na ada yake huwa kubwa zaidi. Ndugu mnaochanga nauli, lijueni hilo mapema.

Mwisho kuna mtihani wa leseni, na mtihani huo ni uleule kwa aliyesoma miaka miwili na aliyesoma minne. Kwa hiyo swali la kwanza kukiuliza chuo chochote ni kama bodi ya wauguzi inakitambua. Zipo shule za biashara zilizochukua fedha za watu zikaanguka. Kampuni ya Corinthian ilifunga shule zake za mwisho Aprili 2015, ikaacha wanafunzi wapatao 16,000 njiani.

Sasa niseme la chama. Mwaka 1959 wapishi, wafagizi na wafuaji wa hospitali saba za New York, chini ya chama cha 1199, waligoma siku 46. Hawakupata kila walichodai. Mwaka 1968 mkataba wao ulifikisha mshahara wa chini dola 100 kwa wiki, na mwaka 1969 ukaanzishwa mfuko wa mafunzo. Waajiri huchangia kwa hesabu ya jumla ya mishahara, na chama na waajiri huusimamia pamoja. Mfagizi anaweza kulipiwa ada ya chuo cha jamii, na kabla yake hupewa masomo ya kujikumbusha hesabu na kusoma, kwa sababu aliyeacha shule miaka ishirini hawezi kurukia vijidudu. Wenzao wa Philadelphia walipata mfuko wa namna hiyo mwaka 1974.

Mikataba mingi ya kwetu niliyoisoma ina mstari mmoja juu ya mafunzo: mwajiri "atajitahidi". Kujitahidi hakuna hesabu. Katika shamba moja nililofanyia kazi, mhudumu wa zahanati alifunga vidonda miaka 19 akastaafu na cheo kilekile. Kifungu cha kudai lazima kiseme fedha kiasi gani, nani anazishika, na saa ngapi za ruhusa zenye malipo.

Na mfuko ukipatikana, kazi haiishi. Mwishoni mwa 2017 New York ilipitisha sheria kwamba wauguzi wapya wa digrii ndogo wapate digrii kamili ndani ya miaka 10. Miaka hiyo ya nyongeza nayo ina ada yake, nayo imeingia katika mazungumzo ya mkataba.