Mtungi haupoi sandukuni



Nyumbani Kighare, mama huweka mtungi wa maji ya kunywa mahali penye kivuli na upepo. Sikuwahi kumwuliza sababu, mpaka joto liliponifundisha.

Nilikuwa nimepanga chumba cha bati mjini Same. Kiangazi kilipokaza, mtoto akatokwa na vipele vya joto, usingizi hapati. Nikalowesha shuka, nikalitundika mbele ya feni, nikafunga mlango na madirisha ili ubaridi usitoke. Mwanzoni tulipata nafuu. Kufika saa sita usiku sote tulikuwa tumelowa jasho, na mtoto anahema. Bibi mwenye nyumba akasikia kilio, akabisha hodi.

"Fungua dirisha, mjukuu wangu," akasema. "Mtungi haupoi sandukuni."

Alisema kweli. Maji hupoza yanapogeuka mvuke, kwani hapo huchukua joto la kitu kilicho karibu. Lita moja ikikauka hunyonya joto ambalo lingetosha kuchemsha takriban lita 7 za maji kutoka nyuzi 20. Ndiyo maana mtungi wa udongo, unaotoa unyevu kidogo kidogo, hupoa. Lakini hewa nayo ina kiasi chake cha kubeba mvuke. Katika chumba kilichofungwa hushiba upesi. Shuka halikauki tena, na jasho la mwili nalo hubaki palepale. Mtu hukosa hata njia yake ya asili ya kujipoza.

Feni za maji ziuzwazo madukani hufuata kanuni hiyohiyo: pampu hulowesha pedi, feni hupitisha hewa. Basi tusizichanganye na kiyoyozi. Kiyoyozi hutaka chumba kifungwe. Feni ya maji hutaka hewa kavu iingie upande mmoja, na iliyoshiba itoke upande wa pili. Dereva anayelala ndani ya lori naye ashushe kioo. Tena, kinachofaa kwenye ukavu wa Same hakifai sana Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa ya pwani tayari imejaa unyevu.

Usiku ule nilifungua dirisha, nikashusha chandarua. Kabla jogoo hajawika, mtoto alikuwa amelala.