Utangulizi: Kuisoma Sparta kwa Midomo ya Wengine

Wengi wanaoingia katika somo hili huletwa na filamu. Wengine wameiona 300 ya mwaka 2006, yenye majoho mekundu na damu inayoruka kila upande. Wengine wamekaa mbele ya televisheni wakitazama filamu ya makala, mwanahistoria akitembea kando ya mto Eurotas na kueleza jinsi mtoto wa kiume wa Sparta alivyotolewa kwa mama yake akiwa na miaka 7. Karibu, kwa mlango wowote uliopitia. Mimi sina ugomvi na filamu. Zimetuletea wanafunzi wengi kuliko mihadhara yetu. Ninaloomba ni moja: kila utakapoambiwa kwamba Wasparta walifanya hili au lile, uliza ni nani aliyesema, alisema lini, na alikuwa na haja gani ya kusema.

Swali hilo ni la lazima kwa historia yoyote, lakini hapa ndilo somo lenyewe. Kwa Athens tuna tamthilia, hotuba za mahakamani, hesabu za hazina zilizochongwa kwenye mawe. Sparta ya karne ya 5 KK, ile iliyotisha Ugiriki nzima, haikutuachia hata kitabu kimoja cha historia kilichoandikwa na mwenyeji wake. Wageni nao hawakupewa nafasi ya kuchunguza kwa utulivu, kwa kuwa mji ulikuwa na desturi ya kuwafukuza mara kwa mara. Usemi wetu wa mgeni njoo mwenyeji apone ungewashangaza sana.

Basi tunabaki na mashahidi wa nje. Herodotus alikusanya masimulizi ya wazee miongo michache baada ya vita vya Uajemi. Thucydides alikuwa jemadari wa Athens aliyepigana dhidi ya Sparta, kisha akapelekwa uhamishoni na watu wake mwenyewe. Ndiye aliyetoa onyo ambalo wanaakiolojia hawalisahau: mji wa Sparta ukihamwa na kubaki misingi tu, vizazi vijavyo havitaamini kwamba uliwahi kuwa na nguvu kiasi hicho, kwa sababu ulikuwa mkusanyiko wa vijiji visivyo na majengo ya fahari. Xenophon, naye Mwathens, alikuwa rafiki wa mfalme Agesilaus na Wasparta walimpa shamba huko Scillus. Ukimsoma akisifu malezi ya vijana wao, likumbuke shamba hilo. Aristotle aliandika baada ya Sparta kuanguka, akitafuta mahali ilipooza. Halafu yuko Plutarch, mwandishi mtamu kuliko wote na mwenye hadithi nyingi kuliko wote, ambaye aliandika mnamo mwaka 100 BK. Kati yake na mfalme Leonidas, shujaa wa 300, kuna karibu karne sita.

Mwaka 1933 msomi Mfaransa François Ollier alitoa kitabu chenye jina Le mirage spartiate, yaani mazigazi ya Sparta. Hoja yake ni kwamba picha ya Sparta kama taifa lililonyooka, lisilobadilika, lenye raia sawa kwa sawa, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na watu wa nje waliokuwa wakitafuta mfano wa kuwachapia watani wao nyumbani. Tangu hapo taaluma yetu imekuwa kazi ya kupambanua mazigazi na maji.

Chukua habari ya vichanga. Kila filamu inayo: mzee anamkagua mtoto mchanga, akimwona dhaifu anaamuru atupwe kwenye shimo la mlima Taygetos. Shahidi wa desturi hiyo ni Plutarch peke yake. Xenophon, aliyewafahamu Wasparta kwa karibu na kuwapeleka wanawe kulelewa kwao kama mapokeo yanavyosema, hana neno juu yake. Wanaakiolojia wa Ugiriki walipochunguza pango la Keadas, ambalo watu wa huko walilihusisha na hadithi hiyo, mifupa waliyoieleza ilikuwa ya vijana na watu wazima. Hilo halithibitishi kwamba hakuna mtoto aliyetupwa. Kuacha vichanga kulifanyika katika miji mingi ya Ugiriki. Ila sheria ya dola iliyosimamiwa na wazee wa kabila inaegemea mguu mmoja, na mguu huo umechelewa mno.

Hata Lycurgus, mtunga sheria anayetajwa kama baba wa kila kitu, Plutarch mwenyewe anaanza habari zake kwa kukiri kwamba hakuna jambo juu yake lisilo na ubishi.

Mfumo wa utawala nitaupita haraka, maana kila kitabu kinao. Wafalme wawili kwa wakati mmoja, kutoka nyumba mbili, Agiadi na Euriponti. Baraza la wazee 28 waliopita miaka 60, pamoja na wafalme hao. Waefori watano waliochaguliwa kwa mwaka mmoja, wenye uwezo wa kumshitaki hata mfalme. Na mkutano wa raia uliopitisha mambo kwa ukubwa wa kelele. Aristotle aliona jinsi walivyowachagua wazee kuwa ni mambo ya kitoto, na mimi sioni sababu ya kumpinga.

Kwenye uzito ni kwingine. Msparta kamili, mwenye haki zote, hakulima, hakufinyanga, hakufanya biashara. Ufundi na biashara vilikuwa vya Waperioiki, watu huru wa miji ya pembezoni ambao pia walikwenda vitani pamoja na Wasparta bila kuwa na sauti katika mkutano wao. Kilimo kilikuwa cha Waheloti. Hawa walikuwa wenyeji wa Laconia na, kwa wingi zaidi, wa Messenia, bonde lenye rutuba upande wa magharibi wa Taygetos ambalo Sparta ililiteka kati ya karne ya 8 na ya 7 KK. Walikaa na familia zao katika ardhi ileile waliyozaliwa, wakazaa watoto waliorithi hali hiyohiyo. Tyrtaeus, mshairi wa Sparta wa karne ya 7, anasema Wamessenia waliwapelekea mabwana zao nusu ya mavuno.

Sasa fuata mnyororo huu, kwa sababu ndani yake ndimo Sparta ilimo. Kila raia alikula jioni pamoja na wenzake katika kikundi chake, mesi kama askari wetu wanavyosema. Kila mwezi alitakiwa kupeleka fungu lake la shayiri, divai, jibini na tini. Fungu hilo lilitoka kwa Waheloti wa shamba lake. Asiyeweza kulipeleka aliondolewa mezani, na aliyeondolewa mezani hakuwa raia kamili tena. Kwa hiyo jembe la Mheloti ndilo lililobeba ngao ya Msparta, na pia haki yake ya kusimama mkutanoni na cheo cha mwanawe katika rika lake. Mafunzo yale ya kutisha yanayopendwa na filamu, kulala juu ya matete, vazi moja mwaka mzima, kuiba chakula na kupigwa ukikamatwa, yaliwezekana kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine shambani.

Aristotle, kama Plutarch anavyomnukuu, alieleza kwamba waefori walipoingia madarakani kila mwaka walitangaza rasmi vita dhidi ya Waheloti, ili kuwaua kusiwe na najisi ya kidini. Thucydides anasimulia kisa ambacho sijapata kukisoma kwa wepesi: Waheloti waliodhani wameitumikia vyema Sparta vitani waliambiwa wajitokeze wapewe uhuru. Wakachaguliwa kama 2,000, wakavikwa mataji, wakazunguka mahekalu kwa furaha. Baadaye wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawa vipi. Wako wasomi wanaokitilia shaka kisa hicho. Lakini tetemeko la ardhi la mnamo mwaka 464 KK halina shaka, wala uasi uliofuata, ambapo Wamessenia walijifungia katika mlima Ithome na kuitoa Sparta jasho kwa miaka.

Wanazuoni hawakubaliani juu ya hofu ya Wasparta kwa Waheloti ilienea kiasi gani. Paul Cartledge wa Cambridge ameiweka katikati ya maelezo yake. Wengine wanajibu kwamba mtu hawezi kukaa karne tatu roho mkononi, na kwamba Waheloti wengi waliishi na mabwana zao kwa mazoea ya kila siku. Mimi naegemea kwa Cartledge, ingawa nakiri kwamba Herodotus ananipa shida. Anasema kwamba huko Plataea, katika vita vya Uajemi, mwaka 479 KK, kila mmoja wa Wasparta 5,000 alifuatana na Waheloti saba. Hao ni watu 35,000, na anawaeleza kuwa walikuwa na silaha. Unamwogopa mtu, halafu unamchukua vitani nyuma yako? Walikuwepo hata Thermopylae, alipofia Leonidas. Herodotus anasema waliokwenda kutazama maiti waliwaona Waheloti miongoni mwao, ila hesabu ya 300 haijawahi kuwaongeza.

Kuhusu wanawake, mashahidi wetu wanapiga kelele zaidi kuliko kawaida, jambo linaloonyesha kwamba kulikuwa na kitu. Wasichana walikimbia na kushindana hadharani, waliolewa wakiwa wamekomaa kuliko wenzao wa Athens, na walimiliki ardhi. Aristotle alilalamika kwamba karibu sehemu mbili kati ya tano za nchi zilikuwa mikononi mwa wanawake. Dada yake Agesilaus, Kyniska, alishinda mbio za magari ya farasi wanne huko Olympia mwaka 396 KK na tena 392 KK. Ushindi ulikuwa wa mwenye farasi, hata kama hakushika hatamu. Maandishi ya kujisifu kwake yamepatikana Olympia. Usiharakishe kuuita huu ukombozi wa wanawake. Mwanamke tajiri wa Sparta alikuwa na nafasi kwa sababu mwanamke wa Kiheloti hakuwa nayo.

Ardhi hiyo ndiyo iliyowamaliza Wasparta. Stephen Hodkinson, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu mali na utajiri wa Sparta, ameonyesha kwamba viwanja sawa kwa kila raia ni sehemu ya mazigazi. Ardhi ilikuwa mali binafsi, ikarithiwa, ikarundikana kwa wachache. Wengine wakashindwa kulipia mesi wakaanguka. Mwaka 371 KK, huko Leuctra, jemadari Epaminondas wa Thebes alikutana na jeshi lenye raia kamili 700 tu. Takriban 400 waliuawa. Miaka miwili baadaye mji wa Messene ulijengwa chini ya Ithome kwa ajili ya Wamessenia walioachiwa huru, na kuta zake bado zipo. Aristotle alihukumu kwamba Sparta haikuweza kustahimili pigo moja.

Bado kuna ushahidi ambao haukupitia kinywa cha Mwathens yeyote. Kati ya 1906 na 1910 Waingereza walichimbua hekalu la Artemis Orthia kando ya Eurotas. Walitoa sanamu ndogo za risasi zaidi ya 100,000, vinyago vya udongo vyenye nyuso za kuchekesha na kutisha, vitu vilivyochongwa kwa pembe za ndovu. Huu si mji wa watu waliochukia urembo, walau si katika karne ya 7 na ya 6. Kikombe cha Laconia cha mnamo 560 KK, ambacho sasa kiko Paris, kinamwonyesha mfalme Arkesilas wa Cyrene, katika Libya ya leo, akisimamia upimaji wa bidhaa, na pembeni kuna nyani na ndege. Na wimbo wa wasichana uliotungwa na Alcman, mshairi wa Sparta, tulirudishiwa na mchanga wa Misri: mafunjo yake yalipatikana Saqqara mwaka 1855.

Hekalu hilohilo lina kichekesho chake. Katika karne ya 3 BK, Wasparta walijenga viti vya watazamaji kuzunguka madhabahu, ili wageni wakae vizuri wakitazama vijana wakichapwa mijeledi. Mazigazi yalikuwa biashara, na wenyeji ndio waliouza tiketi, tungeweza kusema.

Kwa anayeanza, ningeshauri mpangilio huu. Soma kwanza kijitabu cha Xenophon juu ya utaratibu wa Wasparta. Ni kifupi, kinakwisha jioni moja. Mara moja kifuatishe na kitabu cha pili cha Siasa cha Aristotle, kabla hujazoea kusifu. Thucydides msome katika kisa cha Sphacteria, mwaka 425 KK, ambapo Wasparta walijisalimisha, jambo ambalo Ugiriki haikulitarajia. Kisha Cartledge na Hodkinson, na kama unapenda katuni, Three ya Kieron Gillen, ambayo Hodkinson alikuwa mshauri wake na ambayo mashujaa wake ni Waheloti watatu wanaotoroka. Plutarch mwache wa mwisho. Utamfurahia zaidi ukiwa tayari unajua pa kumkatiza.