Kufuli Jipya na Ufunguo wa Zamani

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmefika ofisini kuuliza kwa nini tovuti ya chama yafunguka nyeupe, bila khabari wala neno lo lote, tangu yule tunayepanga kwake nafasi katika seva alipotia marekebisho ya usalama. Wako wasemao ametudhulumu, tuhamie kwa mwengine atakayeyaacha mambo yalivyokuwa. Kabla ya kukata shauri, yafaa tulijue jambo lenyewe.

Tovuti yetu ina maandishi ya fundi wetu, na chini yake ipo programu ya seva inayoyasoma maandishi hayo na kuyatenda. Maandishi hayo ni ya lugha iitwayo PHP, aliyoitoa Bwana Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na tovuti nyingi duniani huitumia. Maandishi ni mali yetu, lakini toleo la PHP huwekwa na mwenye seva.

Zamani mafundi walikuwa na amri fulani za PHP za kusemezana na MySQL, yaani daftari la kompyuta linalohifadhi majina na khabari. Amri zile hazikuwa na njia ya kutenga agizo la fundi na maneno ya mgeni. Fundi asipokuwa mwangalifu, mtu mwovu aliweza kuandika agizo mahali pa kuandika jina lake, na daftari likamtii kana kwamba ndiye mwenyewe, likatoa siri zake au likafutwa.

Watengenezaji wa PHP hawakuziondoa ghafla. Toleo la 5.5, mwezi wa Juni 2013, lilianza kuonya. Toleo la 7.0, lililotoka tarehe 3 Desemba 2015, likaziondoa kabisa. Toleo la 5.6, la mwisho kuwa nazo, lilikoma kupata marekebisho ya usalama kwa watengenezaji wake tarehe 31 Desemba 2018. Tovuti yetu imeandikwa kwa amri hizo. Kufuli la ghala limebadilishwa, nasi tungali tumeshika ufunguo wa zamani.

Basi, tukihamia kwa mwenye kuliacha toleo la zamani, tutakuwa tumechagua ghala lenye kufuli ambalo wezi wamekwisha kulijua. Tena seva moja hukaa tovuti nyingi, na tundu la mmoja huweza kuwatia hatarini majirani.

Hata hivyo, mpangaji naye ana haki yake. Yatupasa tumtake mwenye seva atupe taarifa ya maandishi mapema kabla ya badiliko kama hili. Kwa upande wetu, fundi aziondoe amri za kale, atumie mysqli au PDO, ambazo huweza kutenga agizo na maneno ya mgeni. Nakala ya tovuti nzima, pamoja na daftari lake, ihifadhiwe nje ya seva. Na kila toleo jipya lijaribiwe kwanza juu ya nakala hiyo.

Kazi hii ina gharama, na itarudi tena, kwani matoleo hayaishi kubadilika. Kwa hiyo Kamati italeta mbele ya Mkutano Mkuu shauri la kutenga fedha za fundi kila mwaka. Hakuna kati yetu apaliliaye shamba mara moja akaliacha miaka kumi, kisha akailaumu mikarafuu. Njooni mkiwa mmelifikiri.

Wasalaam,
Katibu wa Chama