Somo la Redio: Swali Moja, Majina Mengi

Kaeni vizuri, kila mtu na daftari lake na kalamu yake. Msimamizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni majina haya matatu, moja chini ya jingine: Marangu, Machame, Uru. Tutayahitaji katika somo la leo.

Kompyuta huweza kuweka daftari kubwa liitwalo hifadhidata. Daftari hilo lina safu na mistari, kama daftari la karani wa chama cha ushirika. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza jinsi ya kupanga habari katika majedwali ya namna hiyo. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, walitangaza lugha ya kuyauliza majedwali maswali. Ndiyo asili ya lugha iitwayo SQL, inayotumika mpaka leo.

Sasa sikilizeni mfano. Tuseme chama cha ushirika kinapokea kahawa. Mkulima akileta mzigo, karani huandika katika kompyuta jina lake, sehemu anayotoka, na uzito. Watu wa Marangu wameleta kilo 420, wa Machame kilo 310, na wa Uru kilo 270. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Naam, kilo 1,000.

Mwekahazina anataka ripoti ili alipe watu. Akitaka Marangu peke yake, kazi ni rahisi. Swali husema: nipe mistari yote ambayo sehemu = 'Marangu'. Lile jina analolichagua huitwa kigezo. Kompyuta hupita mstari kwa mstari, nayo hujibu: kilo 420.

Lakini leo mwekahazina amechagua majina matatu kwa pamoja. Hapa ndipo penye shida. Mara nyingi programu ya ripoti huyaunganisha majina hayo kwa mikato, ikayapeleka kama neno moja refu: 'Marangu,Machame,Uru'. Wewe na mimi tunaona majina matatu. Kompyuta haioni hivyo. Hutafuta sehemu moja yenye jina hilo refu, nayo haipo. Basi hujibu kwamba haikuona kitu.

Angalieni sana jambo hili. Kompyuta haikulalamika wala haikusema, "Swali lako lina kosa." Ilitoa karatasi safi isiyo na kitu. Mtu asiyejua atasema, "Kumbe wakulima hawakuleta kahawa!" Watu wa sehemu tatu wanakosa malipo yao, na watoto wanangojea karo.

Liko kosa baya zaidi. Pengine ripoti huchukua jina la kwanza tu, ikayaacha mengine. Jibu huwa kilo 420. Sifuri humshtua mtu, lakini 420 inafanana na kweli. Karatasi itapigwa mhuri, na watu wa Machame na Uru watasahauliwa.

Dawa yake ni nini? Andikeni mambo manne.

Kwanza, msitumie alama ya = kwa majina mengi. Katika SQL liko neno IN, maana yake "miongoni mwa". Swali huandikwa hivi: sehemu IN ('Marangu', 'Machame', 'Uru'). Kila jina lina alama zake za kufungia, na mikato iko nje ya alama hizo. Linganisheni na lile neno refu, ambalo mikato yake imefungiwa ndani. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa kompyuta.

Pili, majina yakiwa yamefika kama neno moja, yakatwe kwanza penye mikato. Katika hifadhidata ya Microsoft iitwayo SQL Server, tangu toleo la mwaka 2016, iko kazi ya STRING_SPLIT inayofanya hivyo. Nafasi tupu iliyobaki mbele ya jina nayo iondolewe, maana kwa kompyuta ' Uru' si sawa na 'Uru'.

Tatu, msiunganishe maneno ya mtumiaji na swali lenyewe kama mtu anayeshona viraka. Mtu mwovu aweza kuandika amri ya kufuta daftari mahali pa jina, nayo kompyuta ikaitii. Kigezo kipelekwe kama kigezo, kando ya swali.

Nne, neno "Zote" si jina la mahali. Mkiliweka katika orodha ya kuchagua, swali lifundishwe kwamba likija neno hilo, lisichuje sehemu yo yote. Vivyo hivyo amueni mapema: mtu asipochagua jina hata moja, ripoti imwambie achague kwanza.

Mwisho, msiamini karatasi kwa sababu tu imepigwa chapa vizuri. Juu ya ripoti yaandikwe majina yote yaliyochaguliwa, ili kila asomaye aone nani yumo na nani hayumo. Kisha pigeni ripoti ya kila sehemu peke yake, mjumlishe kwa mkono. Mkipata 1,000, na ripoti ya pamoja ikasema 1,000, mwekahazina alipe. Zikitofautiana, asitie sahihi.

Kazi ya nyumbani: andikeni swali la kutaka Marangu na Uru tu, kwa kutumia neno IN. Halafu andikeni jumla ya kilo ambayo ripoti hiyo yapasa kuonyesha. Msimamizi atasahihisha darasa litakapokutana tena.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu.